Kamusi Iwe Mwalimu Wetu

Wafanyakazi wengi siku hizi wanajifunza lugha za kigeni kwa simu zao. Twawapongeza. Lakini hatuna budi kuwatahadharisha juu ya desturi moja inayoenea. Mwanafunzi akikutana na maneno asiyoyajua huyatia yote katika mashine ya kutafsiri, akapokea jibu, akadhani amejifunza. Hajajifunza, amefanyiwa kazi.

Hatuidharau mashine hiyo. Google Translate ilianza mwaka 2006, na Kiswahili kikaingizwa mwaka 2009. Mtu mwenye haraka huweza kujua barua inahusu nini kwa dakika moja, na kwa haja hiyo inafaa. Haja ya mwanafunzi ni nyingine.

Tutoe mfano. Mwingereza hutumia neno moja tu, rice, kwa mpunga wa shambani, mchele wa ghalani na wali wa sahanini. Mashine huchagua moja na kunyamaza. Kamusi huyaweka yote mbele ya msomaji ili apambanue mwenyewe. Vivyo hivyo neno notice laweza kuwa tangazo, au onyo, au taarifa ya kuacha au kuachishwa kazi. Mfanyakazi anayesoma mkataba wake ni lazima ajue maana iliyokusudiwa kabla hajatia sahihi. Ukizuka ugomvi, mashine haitamjibia.

Wako watakaosema kuwa kamusi inachosha. Ni kweli, lakini mtaka cha mvunguni sharti ainame. Kule kutafuta, kulinganisha na kuchagua ndiko kujifunza kwenyewe. Neno ulilolihangaikia hukaa kichwani; ulilopewa bure husahauliwa jioni ile ile.

Wala kisingizio cha kukosa kitabu hakipo tena. Kazi ya kuweka kamusi ya Kiswahili katika intaneti ilianza mwaka 1994 katika Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na leo zipo kamusi kadhaa zisizodai malipo. Simu ile ile inayofungua mashine hufungua kamusi.

Kwa hiyo twashauri: soma sentensi mwenyewe kwanza, kisia maana yake, kisha fungua kamusi. Andika neno pamoja na mfano wake katika daftari. Mashine, ukiitaka, ije mwisho kwa kulinganisha tu. Ndugu wafanyakazi, tujifunze kusema wenyewe, tusikubali kusemewa.