Sinema za kutisha na maumivu ya Lusenda

Wapo watengenezaji wa sinema wanaotuonyesha yale ambayo jicho linakataa kuona. Mwaka 1975 Pier Paolo Pasolini wa Italia, katika Salò, alionyesha wakubwa wa utawala wa kifashisti wakitesa vijana waliofungiwa ndani ya jumba moja. Mwaka 2010 Srđan Spasojević wa Serbia alitoa A Serbian Film, akaeleza kwamba ni mfano wa namna watawala wanavyowatendea raia. Hoja yao ni moja: mtawala asiyewekewa mpaka hufanya mwili wa raia kuwa mali yake.

Hatuwashauri wapendwa kutazama sinema hizo. Hapa Lusenda hoja hiyo inaeleweka bila sinema. Kambi ilifunguliwa mwaka 2015 kupokea Warundi waliokimbia baada ya Rais Pierre Nkurunziza kutaka muhula wa tatu. Nao wenyeji wa Fizi waliowapokea wanabeba kumbukumbu ya mauaji ya Makobola, mwisho wa 1998.

Mwaka huohuo wa 2015, serikali ya Kinshasa ilikataza kwa muda filamu ya Thierry Michel na Colette Braeckman kuhusu Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji, ikidai inachafua jina la jeshi. Kilichoogopwa humo hakikuwa damu ya kubuni, bali ushuhuda wa akina mama wenyewe.

Biblia nayo haifichi. Katika Waamuzi 19, mwanamke anabakwa usiku kucha huko Gibea, kisha bwana wake anaukata mwili vipande 12 na kuvituma Israeli yote. Taifa lilishtuka, lakini hatusomi kwamba kuna aliyemlilia. Mshtuko ule ulizaa vita, kabila la Benyamini likakaribia kwisha, na wasichana wengine wakatekwa. Picha ya kutisha huamsha hasira; peke yake haileti haki.

Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya 2010 iliorodhesha matukio 617 ya ukatili nchini kati ya 1993 na 2003. Mahakama maalum anayoidai Mukwege bado tunaingojea.

Kwa hiyo makanisa yetu ya Fizi na Baraka yana kazi. Tumsikilize aliyeteswa bila kumlazimisha kusimulia. Tuache kutumiana picha za maiti kwa simu. Tuandike majina na tarehe, ili siku ya haki isitukute mikono mitupu.