Ukimnusa, Bado Hujamjua

Jumamosi iliyopita nilikaa jamvini, Tanga, kwenye shughuli ya kumfunda bibi harusi. Mama mmoja mfundaji, mwenye sauti ya hakimu, akamgeukia yule binti akasema: "Mwanangu, mwanamke anayepaka udi wa Kihindi hayumbishwi. Ni mtu wa siri, mtu wa msimamo. Ukimnusa tu, umemjua." Vigelegele vikapigwa. Mimi sambusa ilinikwama kooni.

Ilinikwama kwa sababu maneno hayo nimeshayachoka. Siku hizi kila muuza manukato amekuwa mnajimu. Unaingia dukani Kariakoo kutafuta kichupa cha zawadi, kijana ambaye hamjaonana hata dakika mbili anakupima kwa macho toka utosini hadi kwenye kandambili, kisha anakupa habari zako: "Dada, wewe si mtu wa maua. Wewe ni mtu wa udi." Kajuaje? Anachojua ni kwamba chupa ya maua ni elfu kumi na tano, na ya udi ni laki na nusu. Falaki yake imeishia hapo.

Mimi nimekulia ndani ya udi, kwa hiyo nisihadithiwe. Kwetu kulikuwa na kichupa kimoja cha mafuta, tola moja, ambayo ni gramu 11 na ushei, kilicholetwa na jamaa kutoka Muscat. Kilifungwa kwenye leso na leso ikafungiwa kabatini. Watu watatu walikuwa na ruhusa nacho. Bibi alijigusa nacho Ijumaa, kwa ncha ya kijiti cha kibiriti, na bibi alikuwa mtu ambaye akizidishiwa chenji ya shilingi tano anarudi dukani na jua lote la saa saba. Shangazi alijipaka akienda harusini. Shangazi huyo alikuwa akiogopa radi, paka na mlio wa simu. Na mjomba alijipaka nyuma ya masikio kila anapotoka, akanukia kama sultani, mpaka siku aliyouza shamba la minazi la watoto yatima wa ndugu yake na kuhamia asikojulikana. Aliondoka akinukia vilevile. Kichupa kimoja, watu watatu. Mama mfundaji, nakuomba uninusie hapo: mwenye msimamo ni yupi?

Na kama mnadhani hayo ni ya ukoo wetu tu, twendeni huko huko India mnakokusifia. Abul Fazl, mwandishi wa mfalme Akbar, aliandika kwa urefu jinsi baraza la bwana wake lilivyofukizwa kila siku, ambari na udi zikiteketea kwenye vyetezo vya dhahabu na fedha. Alinukia mfalme, akanukia waziri, akanukia mnafiki aliyesimama nyuma ya waziri. Mwaka 1602 Abul Fazl huyo aliviziwa njiani akauawa, na aliyepanga kifo chake ni Salim, mtoto wa mfalme, aliyelelewa ndani ya moshi ule ule. Pua ya Abul Fazl, iliyojua manukato kuliko za kwetu sote, haikumnong'oneza kitu.

Tena hebu tuseme udi wenyewe ni nini, maana wanaousifu wengi hawajawahi kuuliza. Kule Assam, kaskazini mashariki ya India, kuna mti wanauita sanchi. Ukiwa na afya, mti ule ni gogo jeupe, jepesi, lisilo na harufu ya maana. Zamani watu walichukua gome lake wakaandikia vitabu. Udi huja pale mti unapougua: dumuzi anautoboa, kuvu inaingia kwenye kidonda, na mti unajitetea kwa kutoa utomvu mweusi unaolowesha kuni. Uzuri wote ule ni jipu la mti. Halafu kuni hizo hulowekwa majini siku nyingi mpaka zichache, ndipo zichemshwe na mafuta yake yakenekwe. Ndiyo maana udi wa Kihindi wa kweli, ukiugusisha tu mkononi, saa ya kwanza unanuka zizi. Ndiyo, zizi: ngozi, mbuzi, majani yaliyovunda. Utamu wake unakuja baadaye, kwa mwenye subira. Kama harufu ni tabia ya mtu, basi semeni yote. Semeni kwamba mwenye kuupaka ni mgonjwa aliyetobolewa na dumuzi, akavundikwa, na saa ya kwanza hakaliki naye. Hayo hamsemi. Mnasema "malkia".

Na hizo chupa za kupuliza zilizoandikwa udi, nzito kama tofali, nyingi hata huo ugonjwa hazijauonja. Tangu Yves Saint Laurent watoe M7 mwaka 2002 na Tom Ford atoe Oud Wood mwaka 2007, kila kampuni ya Ulaya imegundua udi, kama Vasco da Gama alivyogundua njia ambayo mabaharia wa Malindi walikuwa wakiipita. Mti wenyewe umewindwa mpaka biashara yake ya kimataifa ikawekewa masharti ya CITES, mkataba wa kulinda viumbe walio hatarini, mwaka 1995. Kwa hiyo kinachojazwa kwenye chupa nyingi ni kemikali ya maabara inayoigiza udi. Unaambiwa ni siri ya nafsi yako, kumbe ni ya mkemia mmoja Uswisi, aliyeimimina kwa mapipa.

Wifi yangu, nilipomwambia hivi, alikuja juu. Akasema yeye akijipulizia udi wake anakuwa jasiri, hata bosi anamjibu. Nikamuuliza: siku chupa ilipoisha, mwezi mzima, ulimjibu nani? Akasema mwezi ule alikuwa na mafua. Nami wifi nampenda, lakini ujasiri unaoishia kwenye mafua tuupe jina lingine.

Isitoshe, mwenye udi ndiye wa kwanza kutousikia. Pua huzoea, ndani ya dakika chache harufu yako mwenyewe inakutoka, ndiyo maana watu wanaongeza, na wakiongeza ndio sisi tuliobanwa nao kwenye daladala ya Mbagala, madirisha yamegoma, tunaoufaidi huo msimamo wao. Na maadamu nimefika kwenye daladala: mnaopiga simu kwa spika wazi, nanyi zamu yenu inakuja. Nanyi mnaonitia kwenye makundi ya michango ya harusi bila kuniuliza, kisha pesa inanunua keki ya ghorofa tano ambayo ghorofa nne ni boksi, msidhani nimewasahau.

Msinielewe vibaya, sina ugomvi na udi. Kila Alhamisi jioni natia makaa kwenye chetezo, narushia kijipande, nafunika tenga, natandika kanga juu yake moshi ule upate kuingia. Naufukiza kwa sababu unanukia vizuri, basi. Bibi naye nadhani hakuwa na sababu nyingine. Katika miaka yote ile sikumsikia akisema kile kichupa kinamsema yeye ni nani. Alisema kimebaki kidogo, msikimalize.

Sasa sikilizeni yaliyonipata. Shughuli ile ya Tanga ilipokwisha, mabaibui thelathini meusi yalikuwa yamelundikwa kitandani, umeme umekatika. Nikavaa la kwangu, nikapanda basi. Asubuhi nagundua si langu. Limekolea udi, ule mzito, wa zizi kwanza na asali baadaye. Kwa vile jingine lilikuwa kwa fundi, nimelivaa kazini siku tatu. Siku ya pili mhasibu, ambaye kwa miaka minne amekuwa akinizungusha na malipo yangu ya safari, alinyanyuka kitini. Siku ya tatu kijana wa mapokezi akaninong'oneza: "Dada, siku hizi umebadilika. Una msimamo."

Mfukoni nimekuta pipi mbili za mnanaa na karatasi ya madeni ya vitenge, majina kumi na moja, hakuna aliyelipa. Mwenyewe aje alichukue. Langu lina kishikizo kimoja kilichokatika, cha mkono wa kulia.