NANI ANALIPA DENI LA HAKI?



Wako watu hapa Mogogosiek wasemao kwamba kazi ya mkimbiaji ni kukimbia, maneno ya haki awaachie wakubwa. Maneno hayo twayajua. Mchuma chai huambiwa achume anyamaze, na sisi wa reli vivyo hivyo.

Tarehe 21 Agosti 2016, kule Rio de Janeiro, tulimshangilia Eliud Kipchoge wetu. Wa pili alikuwa Feyisa Lilesa wa Ethiopia. Aliinua mikono akaipishanisha kama mtu aliyefungwa pingu, kwa ajili ya Waoromo wenzake waliokuwa wakiuawa. Hakuthubutu kurudi kwao. Mkewe na watoto walimfuata Marekani mwaka 2017. Nchi yake aliiona tena Oktoba 2018. Medali ilikuwa ya Ethiopia, deni likawa lake peke yake.

Tena, mwaka 1976 Kenya ilisusa Olimpiki ya Montreal kwa sababu ya ubaguzi wa Afrika Kusini. Jambo lilikuwa la haki, hatukatai. Lakini walioamua siyo waliolipa. Mwaka 1980 Kenya ikasusa tena. Henry Rono, aliyevunja rekodi 4 za dunia kwa siku 81 mwaka 1978, hakukimbia Olimpiki hata mara moja.

Basi makofi hayatoshi. Anayesema kwa ajili ya wote na alishwe na wote. Mwenzetu akifukuzwa kwa kusema kweli, mfuko wa chama ulipe karo ya watoto wake kabla ya kulipa chai ya mikutano. Asiyekubali na asimame mkutanoni atueleze sababu.