Faktire ya Leta haiwezi kulipwa na mama mwenye amezaa



Kila mtu huku Goma anajua hii habari. Mama anafika kliniki na uchungu, mtoto amekaa vibaya, wanamupasua, wote wawili wanapona. Kisha anabaki pale wiki mbili juu ya faktire. Anafungiwa mpaka jamaa ilete franga.

Tunasema wazi: kufungia mgonjwa ni kosa. Mtu si rehani. Lakini tukiishia kwa kutukana munganga, mwenye deni wa kweli atapita pembeni akicheka.

Muangalie hesabu ya kliniki ya mtu binafsi. Operasio moja inaomba dawa ya kulalisha mgonjwa, oksijeni, damu, nyuzi, glovu na kura. Kura ikikatika, wanawasha jeneretere, na mazuti hakuna mwenye kuyarudisha. Leo anapita mutu wa taksi, kesho mwingine, kila mmoja na karatasi yake. Watu wengi hawana bima, basi yote inaangukia mgonjwa. Mgonjwa akikosa, inaangukia munganga.

Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipochukua muji, njo ikazidi. Banki zilifungwa, uwanja wa ndege ukafungwa. Mutu alikuwa na akiba yake na hawezi kuitoa, wakati majeruhi wa risasi walijaa mahospitali.

Na wanganga wenyewe? Wengi wa rika letu wanatumika hospitali ya Leta bila matrikile, bila mushahara. Sisi wenye diploma na hatuna kazi, tunawaelewa vizuri. Wengine wanaenda nje ya inchi. Kesho nani atapasua?

Katiba, artikle 47, inasema haki ya afya inahakikishwa. Katika Abuja, mwaka wa 2001, viongozi wa Afrika waliahidi 15% ya bajeti kwa afya. Mwaka wa 2023 Kinshasa ilianzisha mpango wa kuzaa bure. Maneno tunayo ya kutosha.

Kwa hiyo tunaomba:

– Kinshasa: kuzaa bure kufike mpaka huku kwetu, kliniki zenye kupokea hao wamama zilipwe kwa wakati, na wanganga vijana wapewe matrikile na mushahara.

– Wenye kushika muji na silaha: dawa na wagonjwa wapite bila kizuizi, uwanja wa ndege ufunguliwe. Na muache kukamua kliniki.

– Wenye kliniki: mubandike bei kwa ukuta mbele ya operasio. Mgonjwa akikosa, muandikiane deni kwa karatasi, na arudi nyumbani.

– Sisi raia: tufanye likelemba ya ugonjwa katika kila avenue, na mwenye kuwa na deni alipe hata kidogo kidogo. Munganga naye ana watoto wa kulisha.

Mama mwenye amepona aende kwake na mutoto wake. Mwenye deni ni Leta, na sisi hatutachoka kumudai.