Mbwa wa Kabambare hana upungufu

Mwandishi mmoja amedai kuwa mbwa wetu wa Kasongo na Kabambare, huku Kongo, hawafai kuwinda, ati hawabweki na hawajui kusimama kuonyesha ndege kama mbwa wa Ulaya. Napinga.

Mbwa wa kusimama kama sanamu ni wa mwenye bunduki na uwanja wazi, anayemwona mbwa wake. Kwenye msitu wa kando ya mto Luama, nyasi zikikupita kimo, utamwona wapi? Hapo wawindaji wa Kongo humfunga mbwa kengele ya mti. Wakiwa njiani huizibia majani isilie. Wakifika huyatoa, na mlio humtisha paa au ndezi hadi wavuni. Wafaransa wenyewe, wakiwinda ndege msituni, humvisha mbwa wao kengele. Ikinyamaza, wanajua amesimama. Wamefuata hekima ileile.

Na huyo asiyebweka si bubu: huimba na kulia kwa sauti yake. Mwaka 1937 Olivia Burn aliwapeleka wa aina hiyo Uingereza, nao leo wanaitwa Basenji na kuthaminiwa duniani.

Mwindaji na mbwa wake hujuana kwa miaka ya kutembea pamoja, wala ujuzi huo haununuliwi ng'ambo. Fedha ya kuagiza mbwa wa kigeni inunue chanjo ya kichaa cha mbwa. Tuwachanje, tuwalishe vizuri, na tuache kuwadharau.