MKEREZA VYUMA NAYE NI MSOMI

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Wahenga walinena kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini. Nami naongeza yangu: nchi inayongoja kipuri kutoka ng'ambo hata kwa mashine ya kusaga unga, bado haijawa nchi ya viwanda, ijisifu ijisifuvyo. Ndugu msomaji, hayo ndiyo maoni yangu katika toleo hili. Naomba unisikilize hadi tamati kabla hujanicheka.

Kwanza kabisa, mkereza ni nani? Tulipokuwa shule ya msingi tulikariri majina ya vifaa vya kazi: jiliwa, keekee, tupa, fuawe, timazi, pimamaji. Tukayajibu katika mtihani, tukapata alama zetu, tukayasahau. Wengi wetu hadi leo hatujawahi kuishika jiliwa kwa mkono. Basi na kerezo ni hivyo hivyo. Kukereza ni kukizungusha chuma au mti kwa kasi huku ncha kali ikikichonga kidogo kidogo mpaka kipate umbo na kipimo kinachotakiwa. Mafundi wetu wa jua kali huiita mashine hiyo ledhi. Hapo ndipo zinapotoka shafti, pini, skrubu kubwa na vipande vingine ambavyo bila hivyo mashine yoyote ni mzigo wa chuma tu. Bandu bandu huisha gogo, lakini mkereza hataki gogo liishe. Anataka lifike penye kipimo, likome hapo hapo. Akizidisha bandu moja, kazi imeharibika na hakuna wa kukirudishia chuma kilichotoka.

Kipimo chenyewe sasa! Katika Kidato cha Pili, somo la Fizikia, tulifundishwa kalipa ya venia na maikromita. Maikromita ile ya shule husoma hadi milimita 0.01. Unywele wa binadamu una unene wa karibu milimita 0.07. Kwa hivyo kifaa kile kinaweza kukuambia tofauti iliyo ndogo kuliko unywele wako mmoja. Sisi tulipimia nini? Tulipima waya na gololi, tukaandika majibu, kengele ikalia tukaenda zetu. Hatukuambiwa kwamba mlo wa watu unategemea nambari zile.

Nitatoa mfano wa kule kwetu. Shafti ya mashine ya kusaga unga ilivunjika, na fundi wa kwanza aliyeitwa akaichomelea, akaisugua kwa tupa na kuikadiria kwa macho. "Hii iko sawa kabisa," akasema, akalipwa. Siku tatu hazikuisha kabla beringi hazijaungua. Si ajabu. Shafti ikiwa nyembamba kidogo tu, beringi hucheza. Ikicheza hupata joto, na ikipata joto sana hufa. Ikiwa nene mno, beringi haiingii, na ukiilazimisha kwa nyundo inapasuka. Wiki mbili akina mama walibeba mahindi kichwani hadi soko la pili, na kurudi na unga usiku. Hatimaye mwenye mashine alikwenda mjini kwa mkereza mwenye maikromita. Yule alikereza shafti mpya kwa muda wa asubuhi moja, na mashine inanguruma hadi leo. Tofauti ya mafundi hao wawili haikuwa nguvu wala bidii. Ilikuwa kipimo.

Na msidhani ni sisi tu tulioanza kwa shida. Tunakariri kwamba James Watt wa Uingereza aliiboresha injini ya mvuke, akapata hati ya uvumbuzi wake mwaka 1769. Lakini kwa miaka kadhaa injini yake haikufaulu vizuri, kwa sababu mvuke ulivuja kati ya pistoni na silinda. Mafundi wa siku hizo hawakuweza kutoboa silinda iliyo mviringo barabara. Aliyemwokoa ni John Wilkinson, fuamchuma aliyeunda mashine ya kutoboa silinda miaka ya 1774 na 1775. Mshirika wa Watt, Matthew Boulton, aliisifu silinda moja ya upana wa inchi 50, yaani zaidi ya mita moja na robo, kwamba haikukosea popote hata kwa unene wa shilingi. Leo kosa la unene wa shilingi ni aibu kwa mkereza, lakini wakati ule lilibadilisha dunia. Jina la Watt limo vitabuni. La Wilkinson, ni wangapi darasani mwetu wanaolijua?

Turudi nyumbani. Sisi tunaotoka kwenye mashamba ya chai tunajua habari ya bonasi. Karo yangu mimi hutoka humo. Basi sikiliza ajabu: karibu chai yote ya Kenya hupitia mashine iitwayo CTC, yenye rola mbili za chuma zilizochongwa meno madogo. Rola hizo hukaribiana sana, na moja huzunguka kwa kasi ya mara kumi hivi kuliko mwenzake, na majani hukatwa na kuraruliwa katikati yao. Meno yakiwa butu, majani hupondwa badala ya kukatwa, na ubora wa chai hushuka. Ubora ukishuka, bei katika mnada wa Mombasa nayo huteremka. Kwa hivyo rola hazina budi kutolewa kila mara na kunolewa upya kwa mashine maalum, kwa vipimo vile vile vya sehemu za milimita. Mama anachuma majani kwenye mvua, lakini bonasi yake imo pia mikononi mwa fundi asiyemjua, anayeinama juu ya rola. Je, huyo fundi ni mtu wa kudharauliwa?

Kumbe tunamdharau! Mwanafunzi akipata alama za chini, anaambiwa, "Wewe utaenda kushika spana." Ufundi umefanywa adhabu. Hata somo la ufundi wa chuma, ingawa limo katika mtihani wa KCSE, hufundishwa katika shule chache tu. Halafu tunashangaa kwa nini vipuri vinatoka mbali!

Kuna watakaonipinga kwa kunikumbusha gari la Nyayo Pioneer. Ni kweli. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata likiwa na sura mbaya na mwendo wa polepole. Magari matano ya majaribio yaliundwa na kuonyeshwa mwaka 1990. Hayakufika sokoni, na hadi leo watu huyacheka. Lakini kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kutokana na mradi ule ilibaki karakana iitwayo Numerical Machining Complex hapo Nairobi, yenye mashine za kukereza zinazoongozwa kwa nambari, ufundi ulioonyeshwa kwanza Marekani, katika chuo cha MIT, mwaka 1952. Gari lilikufa, makerezo yakabaki. Kwangu mimi funzo ni hili: tulianza na gari zima, ilhali tungeanza na kipuri.

Wengine watasema, "Si vitu vya Uchina ni rahisi? Mbona tujisumbue?" Swali zuri hilo. Nakubali kwamba katika kutengeneza skrubu milioni moja zinazofanana, hatuwezi kushindana nao leo. Lakini kiwanda cha chai au cha sukari kikivunjikiwa gia ya mashine ya zamani, hakihitaji gia milioni. Kinahitaji moja, ya kipimo chake, na kinaihitaji kesho. Kiwanda kikubwa cha ng'ambo hakitasimamisha kazi yake kwa ajili ya kipande kimoja. Hapo ndipo fundi wa karibu anapomshinda tajiri wa mbali. Hapo ndipo penye riziki yetu, jamani, tena watu hawajajaa!

Lakini lazima nasi mafundi wa kesho tuwe wakweli. Kipande kilichokerezwa kwa chuma kisichofaa, au kwa "hii iko sawa kabisa" bila kupima, humfanya mnunuzi aape kutorudi. Mchelea mwana kulia hulia yeye, kwa hivyo tuambiane ukweli: kukadiria kumetuharibia jina.

Napendekeza mambo matatu. Mosi, baada ya kujifunza maikromita, tupelekwe karakana yoyote iliyo karibu tukaone inavyotumika. Si lazima basi. Sisi wa kutwa miguu tunayo. Pili, waalimu na wazazi waache kuutisha ufundi kama jela. Tatu, Chama chetu cha Kiswahili kikusanye maneno ya karakana, yale ya kamusi na yale ya mafundi wenyewe, yabandikwe ukutani. Lugha isiyoweza kuzungumza na kerezo itabaki ya mashairi tu, na sisi tunaipenda kuliko hivyo.

Mimi nimekwisha kuchagua. Baba anataka niwe wakili, na simvunjii heshima. Lakini nikimaliza shule nitaomba nafasi katika chuo cha ufundi, na atakayenicheka aje siku moja na shafti yake iliyovunjika. Nitampimia, na bei nitampa nzuri.