Kupanda Miamba na Kukimbia Pamoja na Rafiki

Wazazi wawili wametuletea swali moja kwa maneno mbalimbali: je, yafaa kuwaacha vijana waende porini mwisho wa juma kupanda majabali na kukimbia, hali kazi za nyumbani zingali zinawangoja? Mmoja wao aliongeza kwamba hajapata kusikia jabali likimwita mtu. Neno hilo lilituchekesha. Walakini swali lenyewe si la kuchekwa, wala hatupendi kulijibu kwa maneno matupu. Twaona ni afadhali tuwasimulie habari za siku mbili tulizokaa karibu na ziwa la Naivasha, ili kila mzazi apime mwenyewe.

Mahali penyewe huitwa Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu. Msiogope jina. Ni mbuga ya serikali ya Kenya, iliyowekwa mwaka 1984, nayo ni safari ya kilometa 90 hivi kutoka Nairobi kwa njia ya kaskazini-magharibi. Zamani sana, ziwa lilipokuwa kubwa kuliko lilivyo sasa, maji yake yalifurika upande wa kusini, yakakata njia katika miamba hata yakaacha genge refu. Chini ya ardhi moto ungaliko: mvuke watoka katika nyufa, na katika genge maji ya moto yabubujika ukutani. Huko Olkaria, karibu nayo, mvuke huo wafanya umeme tangu mwaka 1981, na mabomba yake makubwa yaonekana yakipita vilimani kama nyoka wa fedha. Katika mbuga nyingine mgeni hufungiwa ndani ya gari. Hapa ameruhusiwa kwenda kwa miguu au kwa baiskeli katikati ya punda milia, twiga, ngiri na swala. Simba ni nadra kuonekana hapa. Nyati wako, na habari zao zitafuata.

Tulikuwa watu wanane: mwalimu wa shule ya msingi, dada mmoja muuguzi, mafundi wawili wa magari, karani wa duka, wanafunzi wawili, nasi tuandikao. Tulifika Ijumaa jioni kwa matatu, tukapiga hema mbali na ukingo wa ziwa, kwa kuwa usiku viboko hutoka majini kula majani, na kiboko hapendi kukuta hema katika njia yake.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kwenye Mnara wa Fischer. Ni nguzo ya jiwe lililoganda ndani ya koo la mlima wa moto wa kale. Udongo wa kando ukaondoka, nguzo ikabaki imesimama peke yake, kimo chake mita 25 hivi. Fischer alikuwa Mjerumani aliyefika nchi hii mwaka 1883, akaishia hapo Naivasha, akarudi. Wamaasai wana habari yao iliyo nzuri zaidi. Wasema kwamba jiwe lile ni binti aliyekuwa akipelekwa kwa mumewe, naye alikatazwa asitazame nyuma. Akageuka kuitazama nyumba ya baba yake mara moja tu, akawa jiwe. Msomaji atamkumbuka mke wa Lutu. Lakini huyu binti hakutamani uovu. Alitamani kwao tu, na kwa hiyo tulimhurumia. Siku hizi pimbi ndio wakaao miguuni pake, nao hawana haya: mmoja alichukua ganda la ndizi mkononi mwa karani.

Sasa habari za kupanda. Wengi hudhani kwamba kupanda jabali ni kazi ya mikono yenye nguvu. Sivyo. Kwanza ni kazi ya miguu, maana mikono huchoka upesi na miguu imezoea kubeba mwili. Pili ni kazi ya mwenzako aliye chini. Kamba ya wapandaji si kamba ya kufungia ng'ombe; imefumwa ili ivutike kidogo mtu aangukapo, uzito wake upokewe polepole wala mwili usishtuliwe kwa nguvu. Huyo aliye chini huishika kamba ikipita katika chombo kidogo cha chuma kilichofungwa kiunoni mwake, na mkono wake mmoja hauiachi hata nzi akitua puani. Kabla mguu wa mpandaji haujaondoka chini, yeye hulikagua fundo na mkanda wa mwenziwe, na mwenziwe hukagua vya kwake, kila mara, wala hapana ruhusa ya kusema, "Mimi nimezoea." Mwalimu wetu wa kamba, aliye mpandaji wa miaka mingi, alituambia kwamba yeye huwaogopa waliozoea kuliko wanaoanza.

Mafundi walipanda upesi. Karani naye alipanda, ingawa kwa kelele nyingi. Dada muuguzi alipofika katikati alisimama. Mguu wake wa kushoto ukaanza kutetemeka kama cherehani, na mkono wake ukashika jiwe asitake kuliachilia. Hapo fundi mmoja akapaza sauti, "Panda tu, dada! Umebakiza kidogo!" Mwanafunzi naye akaitika, "Usituaibishe!" Walisema kwa wema, au tuseme kwa mchezo. Mwalimu wa kamba akawageukia akawaambia wanyamaze. Kisha akauliza kwa sauti ya kawaida, kama mtu aulizaye bei ya viazi, "Dada, wataka nini?" Akajibu, "Nataka kushuka, kaka." Akashushwa. Hapana neno lililosemwa tena juu ya jambo hilo, ila yule fundi alimpelekea chai.

Twalieleza jambo hili kwa urefu kwa sababu twaona ndilo jambo kubwa katika michezo ya namna hii. Mtu akiwa peke yake huzifuata akili zake. Akiwa pamoja na rafiki huzifuata nyuso zao. Rafiki mwema aweza kumpandisha mwenzake mahali asipopaweza, na hilo ni jema. Aweza pia kumpeleka mahali asipopaswa kwenda, naye hatasema neno, maana aona haya. Basi, mzazi akituuliza kama mwanawe aende, nasi twamwuliza: aenda na nani? Na katika kundi hilo mtu akisema, "Hapana," wenziwe humfanyia nini?

Alasiri ya siku ile tulipata kujiuliza wenyewe. Tulikuwa tumepanga kushuka katika genge, na kwa njia hiyo tulimchukua kiongozi, kijana wa Kimaasai aliyezaliwa karibu na hapo. Genge ni mahali pazuri kupita tulivyoweza kueleza. Kuta zake zimechongwa na maji hata zikawa laini na zenye mizunguko, na mahali pengine ni jembamba hata mtu akinyosha mikono aweza kuzigusa pande zote mbili. Siku nyingi chini ni pakavu, mchanga tu na mawe, na mwenye kutembea huko husahau kwamba amesimama ndani ya mfereji.

Tulipofika penye njia ya kushukia jua lilikuwa likiwaka. Kijana akasimama, akatazama upande wa vilima, ambako palikuwa na wingu jeusi moja, si kubwa. Akasema, "Ndugu zangu, leo ndani hatuingii."

Fundi akamwuliza, "Mbona hapa pakavu, kaka?"

Akajibu, "Hapa pakavu. Kule je?"

Ndipo pakawa na maneno. Mmoja alisema wingu li mbali. Mwingine alisema tumelipa kiingilio, nasi hatutarudi huku mwaka huu. Mwanafunzi alisema twende nusu ya njia tu. Kijana hakubishana. Alikaa juu ya jiwe akayafunga viatu vyake upya.

Yafaa msomaji ajue kwa nini alikataa. Mvua ikinyesha vilimani, maji hushuka upesi kwa njia nyingi ndogo, na hizo zote huishia katika genge lile moja. Mtu aliye chini haoni mvua, hasikii ngurumo, wala juu ya kichwa chake haoni ila mstari wa mbingu ya buluu. Maji huja kwa ghafula, yamechukua magogo na mawe, na kuta zile laini zilizompendeza hazina mahali pa kushika. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana wa kanisa moja la Nairobi walikuja matembezi kama sisi. Maji yakawakuta ndani, saba wakafa. Mwezi wa Septemba mwaka 2019 watu saba wengine walikufa katika genge lilo hilo, na mmoja wao alikuwa kiongozi, mwenyeji wa mahali. Hatuyaandiki haya ili kuwahukumu waliokufa. Wengi wao walikuwa katika furaha kama yetu, mchana wa jua kama wetu.

Mwalimu wa shule ndiye aliyemaliza maneno. Alisema, "Tumemwajiri mtu anayejua, naye ametuambia analojua. Tukimpinga, tumemwajiri wa nini?" Tukarudi.

Tena tulimlipa kijana ujira wake wote kama tulivyopatana, ingawa karani alinung'unika kwamba kazi haikufanyika. Twaona kazi ilifanyika. Zaidi ya hayo, kiongozi anyimwaye ujira siku aliyokataa, siku nyingine atakuwa na njaa, naye hatakataa. Wageni wengi hawalifikiri jambo hili. Wamsifu kijana mpole asemaye ndiyo kwa kila neno, kisha washangaa kwamba hakuwaonya.

Je, mvua ilinyesha? Haikunyesha. Wingu lilipita upande wa kusini, na jioni mbingu ilikuwa nyeupe kabisa. Karani alilisema jambo hilo mara tatu wakati wa chakula, huku akikoroga ugali. Dada muuguzi akamjibu kwamba hospitalini humfunika mtu chandarua usiku kucha, na asubuhi hapana amwambiaye, "Tazama, mbu hakuja, tulikisumbukia bure." Karani akacheka, lakini hakushawishika sana, na mpaka leo angali akisema tungalishuka. Na aseme. Watu wanane hawawezi kuwa na moyo mmoja kwa kila jambo. Ilitosha kwamba siku ile walikuwa na miguu ya kwenda upande mmoja.

Jumapili ilikuwa siku ya kukimbia. Tuliingia langoni mara lilipofunguliwa, kwa kuwa mchana jua huchoma na barabara haina kivuli. Nchi ile iko juu, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na mtu aliyetoka pwani ataona pumzi yake ni fupi kabla ya kilometa ya pili. Dawa yake ni kuanza polepole kiasi cha kuweza kusema na jirani. Tulikubaliana kwamba aliye mzito kuliko wote atatangulia, na wenye mbio watamfuata. Aliye mzito alikuwa fundi mkubwa, mwenye miaka karibu hamsini na tumbo lake. Wanafunzi walilalamika kwamba miguu yao yapata baridi. Fundi akawaambia, "Wanangu, niimbieni basi, mpate joto," nao wakaimba, na punda milia wakainua vichwa.

Kwa mwendo huo tulipita chini ya magenge marefu ambako tumbusi hukaa juu ya matagaa ya miamba, tukaona weupe wa samadi yao ukutani na wao wenyewe wakizunguka juu bila kupiga bawa. Wapandaji waaminifu hawapandi karibu na viota vyao.

Tulipokuwa tukirudi, kama kilometa tatu kutoka langoni, fundi akainua mkono. Nyati dume mmoja alikuwa amesimama katikati ya barabara, peke yake, akitutazama kwa uso wa mdai. Nyati wa kundi mara nyingi huondoka. Dume mzee aliye peke yake hana haraka, wala hapendi kusukumwa. Hapakuwa na mtu aliyesema twende. Hata karani hakusema. Tulirudi nyuma polepole hata kwenye kijiti cha mwiba, tukasimama kwa kukaribiana, tukangoja. Yeye akala majani. Sisi tukagawana machungwa mawili kwa watu wanane. Baada ya nusu saa aliingia vichakani kwa hiari yake, nasi tukangoja kidogo tena.

Tulikuwa tumekusudia kuiwahi ibada ya saa nne mjini Naivasha. Tulipofika, wimbo wa pili ulikuwa umekwisha kuanza. Mzee wa mlangoni alitutazama viatu vyetu vilivyojaa vumbi la majivu, akatusogezea benchi la nyuma kabisa.